Bunduki ya Watu Wawili

Ninyi vijana wa ushirika wa mpunga mliniita nije niwajaribie bunduki mbili za upepo ambazo muuzaji wa mjini aliwaazima, ili mchague moja ya kununua. Nilikuja na miwani yangu, nikakaa juu ya gunia la pumba, nikapiga. Njiwa pori akaanguka chini ya ukuta, akawa anapigapiga bawa moja. Hapo nikapaza sauti: "Yusu!"

Hakukimbia mtu. Mlinitazama tu. Yule msichana wenu anayeshika funguo za ghala akaniuliza, "Bibi, Yusu ni nani?" Nikamwambia ni mazoea, nikaomba maji ya kunywa.

Tangu siku ile nimekaa hapa kwangu Carama nikifikiri namna ya kuwajibu. Mliniuliza bunduki gani ya bei ndogo inafaa, na mkaniuliza Yusu ni nani. Nimejaribu kujibu la kwanza peke yake, nimeshindwa. Basi someni yote. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Tuanze na bunduki, maana najua mna haraka, mpunga umeanza kuanikwa.

Kuna mmoja wenu alisema mngetafuta karabini ndogo ya baruti, ile wanayopigia wanyama wadogo porini. Apana. Uwanja wenu umezungukwa na nyumba za watu. Risasi ya baruti ikimkosa panya inaendelea na safari, na hujui inakwenda kwa nani. Hata hiyo ya upepo, kabla hamjatoa hela nendeni ofisi ya zoni, kwa serikali ya mtaa, mkaulize kama mnaruhusiwa kuwa nayo. Msimsikilize muuzaji anayesema hii ni kama mchezo wa watoto. Na siku zote mnapoibeba njiani iwe ndani ya gunia, imefungwa kamba, kwa sababu mtu aliye mbali haoni kama ni ya upepo au ya nini.

Mimi niliingia kazi hii bila kuipenda. Baba alikufa kwa ajali ya lori barabarani, mama akaugua, naye hakumaliza mwaka. Tukabaki watatu: mimi, mdogo wangu Yusufu, ndiye huyo Yusu, na Halima ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka. Baada ya arobaini ya mama, baba mdogo alikuja kutoka Rumonge, akakaa kwenye mkeka, akatugawa. Yusufu angekwenda naye Rumonge, Halima angekwenda kwa shangazi, mimi nitafutiwe mume. Alisema kwa upole, sina neno baya la kumsema. Alikuwa na watoto wake wengi, na alitaka kusaidia.

Nikamwambia, "Baba mudogo, tuache kwanza mpaka mavuno. Nikishindwa, utakuja kutuchukua."

"Utafanya kazi gani, mwanangu?"

"Sijui."

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Seif. Yeye alikuwa wa ukoo wa Waarabu wa Oman, babu yake alizaliwa hapa hapa Bujumbura, na alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule ambako nyumba za Carama zilikuwa zinaishia na mashamba yanaanza. Uwanja wake wa kuanikia ulikuwa mkubwa kuliko wenu. Njiwa pori walikuwa wanashuka kama wamealikwa. Aliwahi kuweka watu wa kuamia kwa kelele na makopo, lakini njiwa wakazoea makopo, wakawa wanakula huku wanasikiliza muziki. Sumu hakutaka hata kuisikia. Alisema chakula cha watu hakikai na sumu chini ya paa moja.

Alikuwa na bunduki ya upepo ya zamani, ya kukunja mtutu, ambayo hakuna aliyejua kuitumia. Akaniuliza kama naweza kupiga. Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijawahi kuigusa.

Aliyenifundisha ni Mzee Barnabe, fundi baiskeli wa Kamenge. Zamani aliwahi kubeba mizigo ya wawindaji, akawa anawasafishia silaha jioni. Nilimpelekea ile ya Bwana Seif, akaikunja mara moja, akaiweka sikioni kama mtu anayesikiliza redio.

"Iko nakohoa," akasema. "Springi imechoka. Mwambie patroni atafute ingine."

Bwana Seif alitoa hela kidogo, akatuambia tukachague nyingine wenyewe. Basi yale ambayo Mzee Barnabe alinionyesha siku hiyo ndiyo ninayowapa leo, na sijakuta mtu aliyenionyesha bora zaidi.

Ukishika bunduki ya upepo iliyotumika, ikunje taratibu. Ikilia kama mlango wa zamani, mafuta yamekauka, hilo si kitu. Ikikunjika laini sana bila kukupinga, springi imekufa, irudishe mezani. Nusa nyuma ya mtutu: ikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyoungua, mwenyewe alikuwa anaimiminia mafuta ili ipige kwa kishindo, na washa, ile pete ya ngozi ya kuzuia upepo iliyo ndani, imeungua. Washa si kasoro ya kuikimbia, fundi wa viatu anakukatia nyingine, ila uitaje wakati wa kupatana bei. Shika kitako na mtutu, jaribu kutikisa. Kikicheza pale kwenye kiungo, usinunue hata ukipewa bure, maana haitapiga mahali pamoja mara mbili.

Halafu sabuni. Mzee Barnabe alinituma ninunue sabuni ya mche. Akaisimamisha kwenye matofali, akahesabu hatua za urefu wa uwanja wetu, akapiga. Kisha akaingiza kijiti kwenye tundu na kupima kwa kidole chake.

"Ikiingia mpaka kifundo cha kwanza, inatosha panya na njiwa. Ikipita kifundo cha pili, iyo ni ya kutoboa mabati ya tajiri."

Mwenye duka alikuwa anatuangalia. "Mzee, unanunua bunduki ao unafua?"

"Nafanya yote mbili," Barnabe akajibu. "Bunduki yako ikikataa, nitakuwa nimebaki na sabuni. Wewe utabaki na nini?"

Sabuni hiyo tuliiogea nyumbani. Wiki ile Halima alikuta plombu, ile risasi ndogo ya bunduki ya upepo, kwenye povu, akaja mbio kunionyesha kwamba sabuni imetaga yai.

Tuliyoichagua ilikuwa ya plombu ndogo, milimita nne na nusu. Kulikuwa na ya tano na nusu, nzito, yenye nguvu, na bei haikuzidi sana. Sababu ya kuiacha ndiyo inayonileta kwa Yusufu.

Bwana Seif alikuwa na sharti lake. Wafanyakazi wengi wa pale tulikuwa Waislamu, na yeye alikuwa mtu wa dini. Alisema hawezi kuua ndege kwenye uwanja wake na kuwatupa jalalani; anayepigwa aliwe. Lakini njiwa aliyekufa kwa plombu ni mzoga, haliwi. Lazima akutwe hai, achinjwe kwa kisu, na jina la Mungu litajwe.

"Mkimkuta amekufa, musiniletee jikoni," alisema. "Mkimkuta hai, mumepata mboga."

Kwa hiyo tulihitaji bunduki ya kumwangusha ndege bila kumuua. Mzee Barnabe alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote nimeona batu banatafuta bunduki yenye kuua. Nyinyi munatafuta yenye kubembeleza!"

Na tulihitaji mtu wa kukimbia na kisu. Njiwa aliyepigwa begani mwa bawa hakai muda mrefu. Mimi nikipiga, siwezi kuweka bunduki chini vizuri, kuinuka na kufika ukutani kabla hajafa. Nikamwambia Bwana Seif, "Kazi hii ni ya watu wawili." Akafikiri, akanitazama, nadhani aliona ninachokitaka, akasema, "Mlete huyo wa pili."

Nikamleta Yusufu. Mavuno yalipofika baba mdogo alikuja, akakuta sote wawili tuna kazi, sufuria ina njiwa, na Halima ana mashavu. Akala, akanawa mikono, akatuombea dua, akarudi Rumonge peke yake.

Sasa wekeni akilini jinsi tulivyofanya, kwa sababu mtaihitaji. Usipige ndege aliye juu ya mpunga. Plombu ikipotea ndani ya mpunga, itavunja jino la mtu au itaumiza mashine, na hiyo ni madini ya risasi, yana sumu, si kitu cha kukaa kwenye chakula. Sisi tulijenga ukuta wa udongo pembeni, mnene, na mbele yake tulimwaga makapi na punje chache. Njiwa anapenda mahali penye utulivu. Anaacha uwanja wenye watu, anakwenda kwenye makapi. Hapo nyuma yake kuna udongo, na plombu yote inabaki ukutani. Kila mwisho wa msimu tulizichimbua kwa msumari. Na usifyatue wakati mtu wako yuko mbele ya mtutu, hata kama yuko pembeni. Bunduki ikikunjwa tu, Yusufu alikuwa anakaa nyuma ya bega langu la kushoto, na haondoki hapo mpaka nimwite. Kuita kwenyewe ndiko kulikuwa ruhusa. Nisipoita, haondoki. Nikisema "Yusu!" ujue mtutu umeshaangalia chini.

Yeye alikuwa na maneno yake. Nikikosa, ananinong'oneza nyuma ya bega: "Dada, yule amekwenda kuwaambia wenzake kama mpigaji ni kipofu."

"Nyamaza, utafukuza wengine."

"Hawakimbii. Banakuja kukuona."

Nikipiga vizuri hasemi kitu, anakimbia. Alikuwa na mbio ya ajabu, magoti juu, kisu amekishika kwa nyuma ili akianguka kisimchome, na huku anakimbia ameshaanza kusema Bismillahi ili asichelewe. Mara chache alikuta ndege ameshakufa. Hao tulikuwa tunamwekea Mzee Barnabe ambaye ni Mkatoliki. Barnabe alisema njiwa anayekufa bila kungoja kisu ni Mukristu, apelekwe kwa ndugu zake.

Tuliishi hivyo misimu mingi. Kuna mwaka mji ulikuwa mbaya, watu hawatoki, maduka hayafunguliwi, na sisi watatu tulikula njiwa na mchele uliovunjika tukashiba. Halima alisoma. Yusufu aliota ndevu, akawa mrefu kuliko mlango wetu, na bado nikimwita anakimbia. Wasichana wa kwenye mashine walikuwa wanamcheka: mwanamume mzima anakimbizwa na dada yake kama mbwa wa kuwinda. Alikuwa anawajibu kwamba mbwa wa kuwinda hapewi paja, yeye anapewa.

Bwana Seif alipozeeka, mashine ikashikwa na mpwa wake, Nasoro. Nasoro hakuwa mtu mbaya. Naliandika hili kwa sababu najua mkisoma mtataka kumchukia. Alikuwa anajua biashara, alituheshimu, aliniita Dada Zaina hata mbele ya wageni. Siku moja alikuja na bunduki mpya. Ya kujaza hewa kwa pampu, plombu ya tano na nusu, darubini juu. Haikuwa ghali kama mnavyodhani, aliipata kwa mtu aliyekuwa anahama.

Nikaijaribu kwa sabuni. Plombu ilitokea upande wa pili.

Siwezi kusema bunduki ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoshika. Ilipiga mahali pale pale, asubuhi na jioni. Panya walipungua, njiwa wakaanza kuogopa uwanja. Mabati haikuyatoboa kwa sababu nilikuwa nimeshajua kutopiga juu. Kama mngeniuliza bunduki ya kulinda mpunga tu, ningewaambia nunueni hiyo na mbaki na amani.

Lakini hakuna njiwa aliyengoja kisu. Yusufu alikuwa anakimbia, anafika, anasimama. Anamgeuza kwa ncha ya kiatu. Anarudi taratibu akiwa na kisu kisafi. Siku za kwanza aliendelea kukimbia. Halafu akawa anatembea. Halafu nikapiga, nikaita, akasema nyuma ya bega langu, "Dada, wa nini? Amekwisha kufa."

Mzee Barnabe, tulipompelekea gunia la ndege kwa mara ya tatu, alifungua akatazama ndani. Akasema, "Mbona Bakristu bamekuwa wengi hivi?" Hakuna aliyecheka, hata yeye. Akafunga gunia. "Na mutoto atafanya kazi gani sasa?"

Nasoro naye aliliona. Alituita sote wawili, akatukalisha, akatumiminia chai kwa mkono wake. Akasema bunduki sasa ni ya mtu mmoja, na yeye anaweza kulipa mtu mmoja. Tuchague wenyewe nani abaki.

Nikasema, "Abaki Yusufu. Nitamufundisha kupiga."

"Apana," Yusufu akasema. "Mi sijui kukaa kimya. Nitafukuza njiwa kwa maneno."

"Utajifunza."

"Dada, Halima amebakiza miaka ya shule. We njo uliyezoeleka hapa. Mi ni mwanaume, naweza kwenda mbali." Akamgeukia Nasoro. "Abaki yeye, shefu. Yeye njo anapiga. Mi nilikuwa miguu tu."

Alivuka kwenda ng'ambo ya mpaka, Uvira, na kutoka hapo akapanda milimani kuchimba dhahabu na vijana wengine. Kisu aliniachia. Alisema kule hakuna njiwa, watu wanakula samaki wa kopo. Alikuwa anatuma salamu kwa madereva, na mara mbili alimtumia Halima viatu vya shule, vyote vikubwa mno, kwa sababu kila alipomkumbuka alimwongezea umri. Halima alivivaa na matambara ndani.

Kisha dereva mmoja akaleta habari kwamba Yusufu anaumwa kifua, amelazwa kwenye zahanati ya huko, na anasema dada aje. Sikungoja. Nasoro mwenyewe alinipeleka mpaka mpakani. Kutoka hapo nilipanda gari, barabara ikakatwa na mvua, tukashuka, tukatembea, tukapata gari lingine, likaharibika. Nilitembea tena. Nilikuwa nimebeba kitoweo cha kukaushwa kwenye kopo, njiwa wawili niliowapiga kwa ile bunduki ya zamani ya kukunja, nikawakimbilia mwenyewe na kuwachinja. Nilitaka ale kitu anachokijua.

Nilipofika walikuwa wameshamzika. Walinionyesha mahali. Walikuwa vijana wema, walimwosha, walimsalia. Mmoja aliniambia kuwa siku za mwisho, homa ikipanda, Yusufu alikuwa anakurupuka kitandani kama anayeitwa, na wao walikuwa wanamrudisha alale. Nikawapa kile kitoweo wakala.

Niliendelea na kazi. Halima alimaliza shule, sasa ni muuguzi, mnamjua, ndiye aliyenipimia miwani hii. Niliipiga ile bunduki ya pampu mpaka nilipostaafu, na kila njiwa aliyekufa pale ukutani nilimwacha alale kidogo kabla ya kumwokota. Sikuwahi kuita tena. Nilidhani sauti ile imeondoka.

Sasa bunduki zenu. Ile nyeusi yenye nguvu ni nzuri, sitawadanganya. Mtu mmoja ataketi nayo na mpunga utakuwa salama. Ile ya mti, ya kukunja, ya milimita nne na nusu, kitako chake kimekwaruzwa na inalia kidogo, lakini kiungo ni kigumu, nimekitikisa. Sabuni imeonyesha kifundo cha kwanza. Bei yake ni ndogo, na bado mnaweza kuipunguza kwa sababu ya washa yake iliyoungua. Ukuta wa udongo mnao. Kwenye ushirika wenu kuna watu wanaotafuta kazi kuliko kazi zilizopo, nimewaona wamekaa pale mlangoni.

Chukueni ile ya mti.

Yule njiwa wa siku ile, niliyempiga kwa hiyo ya mti, mlipokuwa mnabishana juu ya darubini, niliinuka nikamfuata. Kisu nilikuwa nacho mfukoni, huwa natembea nacho. Toka kwenye gunia la pumba mpaka ukutani si mbali, lakini magoti yangu ni ya mtu mzima. Nilipofika alikuwa ameshakufa. Nilimfunika na makapi, nikarudi kukaa, na ninyi hamkuona.

Mwambieni yule msichana wa funguo aje kwangu, kama anaweza kukimbia. Nitamfundisha mahali pa kukaa nyuma ya bega, na namna ya kukishika kisu. Nimeshakinoa. Na aniambie jina lake mapema, tena alirudie mara kadhaa, ili nikiisha kupiga nijitahidi kuita lake.